Protini bila rangi, na siku nilipopima bafa tupu

Mi nilianzia kwenye floresensi. Kazi yangu ya kwanza maabara ilikuwa hiyo tu, unachukua protini, unaibandika molekuli ndogo ya rangi inayong'aa, unaimulika na leza alafu unakaa gizani unahesabu vidoa. Niliipenda sana ile kazi na bado naipenda, kwa hiyo ninachoandika hapa sio kuiponda. Ila kuna swali moja lilinishinda kwa rangi kwa karibu mwaka mzima, na ndo lililonisukuma kwenye maikroskopu ya mwanga unaotawanyika, ile ambayo haihitaji kubandika kitu chochote kwenye protini.

Swali lenyewe ukilisikia ni dogo: protini yetu inaishi moja moja au inakaa wawili wawili, yaani mapacha? Na kama ni mapacha, wanashikana kwa nguvu kiasi gani?

Kwa floresensi njia yake inajulikana. Kila molekuli ya rangi ikimulikwa muda mrefu mwishowe inaungua na kuzima ghafla, kwa hiyo doa lenye rangi moja linashuka ngazi moja, doa lenye rangi mbili linashuka ngazi mbili. Unahesabu ngazi. Shida ni kwamba rangi haibandiki kwenye protini zote. Kwetu tulikuwa tunapata kama asilimia 60, na hapo tulikuwa tunafurahi. Sasa piga hesabu na mimi, tuseme protini zote ni mapacha bila kubakia hata moja pekee. Wenye rangi pande zote mbili watakuwa asilimia 36, wenye rangi upande mmoja asilimia 48, na asilimia 16 hawana rangi kabisa, hao huwaoni maisha. Kwa hiyo katika wale unaowaona, wanaoshuka ngazi mbili ni 36 kati ya 84, sawa na asilimia 43 hivi. Yaani kitu ambacho ni mapacha asilimia 100 kinakuja mbele yako kikiwa kimevaa sura ya mchanganyiko. Kuna masahihisho ya kihesabu, niliyafanya, lakini yanategemea ile 60 iwe kweli 60, na mimi nilikuwa sina uhakika nayo kwa zaidi ya asilimia 10 huku na huku. Na juu ya hapo kulikuwa na wasiwasi mwingine ambao hauna hesabu: sehemu tuliyoibandika rangi ilikuwa karibu na pale tulipodhani mapacha wanashikania. Je, rangi yenyewe si ndo inawazuia kushikana?

Kuna dada mmoja kwenye kikundi chetu, mkubwa wangu kikazi kwa miaka mingi, ndo aliniambia niachane na rangi kwa muda nikajaribu chombo kilichokuwa chumba cha pili. Nilikuwa nakipita kila siku sijui hata kinafanya nini.

Wazo lake ni la zamani kuliko watu wanavyodhani. Kila kitu kinachopigwa na mwanga kinautawanya kidogo, ndo maana anga ni ya buluu, na mwanafizikia Rayleigh alishalieleza hilo tangu 1871. Mwaka 1903 Siedentopf na Zsigmondy walionyesha chombo kinachomulika kwa pembeni ili vipande vidogo mno vya dhahabu ndani ya kioo vionekane kama nyota kwenye giza, ingawa vilikuwa vidogo kuliko kitu chochote ambacho maikroskopu ya kawaida ingeweza kukitenganisha. Zsigmondy akaja kupewa Nobel ya kemia ya mwaka 1925. Kwa hiyo kuona kitu kwa mwanga kinachoutawanya, bila rangi, kuna zaidi ya miaka 100.

Kilichokwamisha ni ukubwa. Mwanga unaotawanywa na chembe ndogo unafuata ujazo wake ukizidishwa kwa wenyewe, kwa hiyo ukipunguza kipenyo mara mbili, ujazo unashuka mara 8 na mwanga unashuka mara 64. Ukipunguza mara tatu, unashuka mara 729. Dhahabu inatawanya kwa nguvu kwa hiyo unaweza kushuka nayo mbali, lakini protini ni kitu cha nanomita chache tena kinafanana sana na maji yanayoizunguka, ukitaka kuiona kama nyota kwenye giza utasubiri sana, maana giza lenyewe sio giza, kuna vumbi, kuna lenzi, kuna kioo, vyote vinatawanya.

Ujanja uliokuja kubadilisha mambo ni kuacha kulitafuta giza. Unamulika kwa leza kutoka chini kupitia kioo chembamba, juu yake kuna tone la maji lenye protini. Pale kioo kinapokutana na maji, sehemu ndogo ya mwanga inaakisiwa kurudi chini, chini kidogo ya nusu ya asilimia moja. Protini ikitua kwenye kioo nayo inatawanya wimbi lake dogo sana linalorudi njia hiyo hiyo. Mawimbi mawili yanafika kwenye kamera pamoja na yanaingiliana, na kwenye kule kuingiliana ndo kuna uzuri wote, kwa sababu unachopima sasa sio mwanga wa protini peke yake bali wimbi lake likizidishwa na wimbi kubwa la kioo, na wimbi linafuata ujazo wenyewe, sio ujazo mara ujazo. Kipenyo kikishuka mara mbili unapoteza mara 8 badala ya 64. Na kwa kuwa protini nyingi zimejengwa kwa vitu vilevile na zina msongamano unaokaribiana, ujazo unakwenda sambamba na uzito. Protini yenye uzito mara mbili inaacha doa lenye kina mara mbili. Yaani unapima uzito wa molekuli moja moja kwa kuangalia kivuli chake tu.

Njia hii haikuja siku moja. Mwaka 2004 kikundi cha Vahid Sandoghdar huko Zürich kilionyesha kuona chembe za dhahabu za nanomita 5. Mwaka 2014 vikundi viwili, chake na cha Philipp Kukura wa Oxford, vikaonyesha protini moja moja bila lebo yoyote. Mwaka 2018 kikundi cha Oxford pamoja na wenzao wakatoa kazi iliyoonyesha kwamba uzito unaweza kusomwa kwa usahihi wa kutosha kutofautisha molekuli pekee na mapacha na mapacha wa mapacha. Hiyo ya 2018 nilipoisoma niliona kama imeandikwa kwa ajili ya swali langu.

Sasa niwaambie siku ya kwanza nilivyoona, maana hii sijaisahau.

Nilikuwa nimejiandaa kuona protini zimekaa kwenye kioo kama nukta. Dada akafungua picha ghafi ya kamera, na nikaona kitu kama uso wa saruji, mabaka meusi na meupe kila mahali. Akaniambia huo ni ukwaruzo wa kioo chenyewe, kioo unachokiona laini kina vilima na mabonde ya nanomita, na yale mabonde yanatawanya kuliko protini yako. Protini zilikuwa zinatua pale tunapoangalia na hatukuona hata moja. Alafu akabonyeza kitufe kingine na programu ikaanza kufanya hivi: inachukua wastani wa fremu 50, inachukua wastani wa fremu 50 zinazofuata, inagawa moja kwa nyingine. Kisichobadilika kinajifuta. Saruji yote ikayeyuka, ikabaki kijivu safi kinachochemka chemka kidogo, na katikati ya kile kijivu, doa jeusi likaanza kujitokeza taratibu, likakolea, lina duara jepesi jeupe kulizunguka, alafu likafifia mpaka likaisha. Likaja lingine pembeni. Alafu mawili.

Nikauliza mbona zinaondoka? Akasema hazijaondoka, bado zimekaa palepale. Ila zikishakaa muda wa fremu 100 zinakuwa sehemu ya kioo, na hesabu inafuta kila kitu kilichokuwepo tayari. Unachokiona ni kitendo cha kutua chenyewe. Na kweli baada ya muda likatokea doa jeupe, nikaambiwa hiyo ndo imeondoka, imeng'oka kwenye kioo, na kwenye grafu inaandikwa kama uzito hasi. Nilikaa pale karibu saa moja baada ya yeye kwenda, naangalia tu.

Kinachofanya yote haya yawe magumu ni hesabu ya fotoni, na nashauri mtu yeyote anayeanza aikae nayo mapema kabla hajagusa chombo. Ukihesabu fotoni 100, bahati peke yake inakupotosha kwa kama 10. Ukihesabu 10,000 inakupotosha kwa 100, ambayo ni asilimia 1. Protini ya kawaida inabadilisha mwanga kwa sehemu chache tu kati ya elfu, na bila vizuizi maalumu vya kupunguza mwanga wa kioo ni chini ya hapo, kwa hiyo ili kelele, yaani ule upotoshaji wa bahati, ishuke hadi sehemu moja ya elfu unahitaji fotoni milioni 1, na pikseli moja ya kamera inajaa kwenye makumi ya maelfu. Ndo maana unapiga fremu mamia kwa sekunde na kuzijumlisha. Kuongeza nguvu ya leza peke yake hakusaidii kama kamera haiwezi kuibeba. Nilipoteza wiki mbili nikiongeza leza.

Alafu kuna mambo ya kuishi nayo. Chombo kimekaa kwenye meza nzito inayoelea kwa hewa, na bado mtu akifunga mlango kwa nguvu unaiona ile saruji inarudi kwenye skrini kwa nusu sekunde, kwa sababu kioo kikisogea hata nanomita chache kule kugawa hakufuti tena sawasawa. Leza inataka kupata joto, sisi tulikuwa tunaiwasha saa nzima kabla. Fokasi inateleza pale joto la chumba linapobadilika, na kuteleza kwenyewe sio picha kuwa na ukungu kama ulivyozoea, hapa kina cha doa kinabadilika kwa sababu mawimbi mawili hayafiki tena kwa mpangilio uleule, kwa hiyo protini ileile inaonekana nyepesi. Ukiona uzito wa sampuli yako unapungua polepole kutoka video ya kwanza hadi ya tano usianze kuwaza baiolojia, angalia fokasi. Na dawa za sabuni, zile tunazotumia kushikilia protini za utando, zinajikusanya kuwa vipira vyenye uzito wa protini nzima, vinaelea na kuchafua kila kitu. Hayo yote yameandikwa sehemu nyingi na utayajua haraka.

Lililonigharimu mimi ni lingine.

Protini yetu moja ina uzito wa kilodaltoni 120 (kilodaltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), kwa hiyo mapacha wanatakiwa kuwa 240. Nikafanya kalibresheni, yaani kulinganisha kina cha doa na uzito, kwa protini ambazo uzito wake unajulikana, albumini ya ng'ombe yenye 66, kingamwili yenye 150, tairoglobulini yenye kama 670, nukta zikakaa kwenye mstari ulionyooka vizuri. Nikapima sampuli. Video ya dakika moja, kutua elfu mbili na kitu, histogramu, yaani grafu ya idadi ya kutua kwa kila uzito, ikatoka na vilima vitatu. Kimoja 120. Kimoja 240. Na kingine, kidogo lakini kimesimama kabisa, karibu na 65.

120 na 240 nilivitarajia, kwa hiyo nilivipita kama mtu anayepita nyumba ya jirani. Macho yote kwenye 65. Nikajiambia protini inakatika. Ina kiungo laini katikati, ikikatwa pale vipande viwili vingekuwa kama 55 na 65, na 55 na 65 chombo hiki hakiwezi kuvitenganisha, vinaungana kuwa kilima kimoja. Ona jinsi ilivyokaa vizuri! Maelezo yalikuwa yamenyooka kiasi kwamba sikuona haja ya kuyajaribu. Nikaongeza dawa za kuzuia vimeng'enya vinavyokata protini. Kilima kipo. Nikasafisha protini upya kuanzia mwanzo, siku nne. Kilima kipo, siku nyingine kikubwa, siku nyingine kidogo, na ule upandaji na ushukaji nikauandikia maelezo pia, nikasema inategemea umri wa sampuli. Nikaipitisha kwenye jeli inayotenganisha protini kwa ukubwa, haikuonyesha kipande chochote cha 65, nikasema jeli haina usikivu wa kutosha. Wiki tatu zikaenda hivyo, na niliwasilisha kwenye kikao cha kikundi slaidi yenye kichwa kinachosema protini inakatika.

Baada ya kikao dada akanifuata, hakuniambia mbele ya watu. Akauliza kwa utaratibu kabisa, "Mdogo wangu, bafa yako umeipima yenyewe tupu?"

Bafa ni yale maji ya chumvi tunayoyeyushia protini. Nikamwambia nimeichuja kwa kichujio cha mikroni 0.2. Akasema, "Sijauliza kama umeichuja. Nimeuliza kama umeipima."

Nikaenda nikaweka bafa tupu kwenye gasketi, kile kikombe kidogo cha silikoni kinachoshikilia tone juu ya kioo, tone la mikrolita 10, nikatafuta fokasi, nikapiga video ya dakika moja. Sekunde za kwanza kijivu safi. Nikaanza kupumua. Alafu doa. Alafu lingine. Mwisho wa dakika nilikuwa na kutua 140, na histogramu yake ilikuwa na kilima kimoja tu, pale pale kwenye 65.

Chanzo tulikipata jioni ile ile. Gasketi za silikoni tulikuwa tunaziosha na kuzitumia tena, na mimi asubuhi nilikuwa nafanya kalibresheni kwa albumini kwenye gasketi zile zile. Albumini inapenda sana kushika kwenye silikoni, na ndo hiyo hiyo yenye kilodaltoni 66. Wiki tatu nilikuwa naipima kalibresheni yangu mwenyewe ikinirudia. Siku kilima kilipokuwa kikubwa ni siku ambazo niliosha haraka. Tukafungua gasketi mpya, bafa tupu ikatoa kutua 6 kwa dakika nzima bila kilima chochote, sampuli ikatoa 120 na 240, basi.

Nimeliwaza sana hili tukio. Kwenye floresensi albumini iliyobaki isingenisumbua hata kidogo, kwa sababu haina rangi, isingeonekana. Miaka yote ile rangi ilikuwa inafanya kazi ambayo sikujua inafanywa, ilikuwa inanichagulia cha kuona na kunifichia mengine yote. Nilipoitoa rangi nilifurahia kwamba sasa naona kila kitu, sikufikiria kwamba kila kitu maana yake ni kila kitu kweli, mabaki ya jana, kitu kilichotoka kwenye plastiki ya kichupa, sabuni, vumbi la protini za kidole changu. Chombo hakijui ipi ni yangu. Kinanipa uzito tu, hakinipi jina. Jina nililiweka mimi, na niliiweka albumini jina la kipande cha protini yangu kwa sababu namba zilikaribiana na hadithi ilikuwa nzuri.

Tangu hapo kila siku ya kazi inaanza na video tatu za bafa tupu, na nazihifadhi folda moja na sampuli, sizifuti. Vioo naviosha mwenyewe, maji safi, isopropanoli, maji tena, isopropanoli tena, mwisho maji, alafu nakausha kwa naitrojeni ikipuliza kutoka upande mmoja ili tone la mwisho likimbie ukingoni lisikaukie katikati, kwa sababu pale linapokaukia linaacha pete, na pete hiyo utaiona. Na namba ya kutua kwenye bafa naiandika kwenye daftari kabla sijafungua kichupa cha protini. Ikizidi 20 kwa dakika siendelei.

Baada ya hapo ndo nikarudi kwenye swali langu, na hapo kulikuwa na funzo lingine ambalo lilikuja kwa bahati.

Chombo hiki kinataka sampuli iwe nyembamba sana, nanomola chache hadi makumi (nanomola ni kipimo cha wingi wa molekuli kwenye maji, na mikromola moja ni nanomola elfu), la sivyo madoa yanatua juu ya mengine na programu inayasoma kama kitu kimoja kizito. Protini yetu kwenye kichupa ilikuwa mikromola kadhaa, kwa hiyo naipunguza mara mia au zaidi na kupima papo hapo. Nikipata mapacha wengi, moja moja wachache. Siku moja nilishapunguza sampuli, nikaitwa nje, nikarudi baada ya nusu saa hivi. Nikasema hebu nipime tu nisiitupe. Mapacha wamepungua nusu. Nikarudia kwa makusudi: papo hapo, dakika 5, dakika 15, dakika 30, saa moja. Kilima cha 240 kinashuka na cha 120 kinapanda, mpaka kwenye nusu saa hivi vinatulia. Yaani nilikuwa nawaangalia mapacha wanaachana, kwa sababu kwenye mchanganyiko mwembamba aliyeachia mwenzake hampati tena kirahisi.

Kwa hiyo yale majibu yangu ya mwanzo, ya papo hapo, yalikuwa yanaonyesha hali ya ndani ya kichupa na sio hali ya kwenye tone. Yote mawili ni kweli ila ni majibu ya maswali mawili tofauti, na nilikuwa nayachanganya kwenye jedwali moja. Kwa mtu anayeuliza kuna nini kwenye kichupa, pima haraka. Kwa mtu anayetaka nguvu ya kushikana, subiri itulie. Mimi nilihitaji la pili.

Watu wananiuliza kama sasa naona floresensi imepitwa. Hapana. Ndani ya seli kila kitu kinatawanya mwanga, seli yenyewe ni msitu, na ukitaka kumfuata mmoja mwenye jina lake humo ndani bila rangi umepotea. Na kuna kikomo cha chini, chombo kama chetu kinaanza kupoteza uhakika chini ya kilodaltoni 40 hivi, ingawa kikundi cha Sandoghdar, siku hizi kiko Erlangen, mwaka 2023 kilionyesha kwamba kwa msaada wa mashine kujifunza wanaweza kushuka chini ya 10. Hiyo kwetu bado. Asidi za nyukilia nazo zinatawanya tofauti na protini kwa uzito uleule, kwa hiyo mstari wa kalibresheni wa protini usiutumie kwa DNA, unatengeneza wake. Pale ninapoona njia hii haina mpinzani ni kwenye swali kama langu, sampuli safi, unataka kujua nani kashikana na nani na wangapi, na hutaki kuwagusa.

Nilipima protini kwenye nanomola 5, 10, 20, 40, kila moja imesubiri saa nzima, kila moja na bafa yake tupu pembeni, mara tatu siku tofauti. Kwenye 5 kilima cha 240 kiko chini kabisa lakini kipo. Kwenye 20 unahesabu pekee wawili kwa kila pacha mmoja, na hiyo ukiipigia hesabu maana yake nusu ya protini yote iko kwenye mapacha, kwa hiyo nguvu yao ya kushikana, ambayo tunaisoma kwa wingi unaofikisha nusu hiyo, iko kwenye nanomola 20 hapo. Kwenye 40 mapacha wanaanza kuwakaribia pekee kwa idadi.

Alafu nikaichukua ile protini yenye rangi, kichupa kile kile cha mwaka wa floresensi kilichokuwa kwenye friza, nikaipima kwenye nanomola 20 kwa utaratibu huo huo. Kilima cha 120 kilikuwepo. Cha 240 ilibidi nikuze grafu ndo nikione. Rangi ilikuwa inawatenganisha kweli.

Dada alikuja akasimama nyuma yangu, akaangalia histogramu mbili zilizolala moja juu ya nyingine, akauliza bafa ilitoa ngapi. Nikamwonyesha daftari: 4, 7, 5. Akavuta kiti akakaa, tukaanza kupanga tuihamishie wapi ile rangi.